Nondo wa Mti wa Makenga

Buyangu,
9 Aprili 1995

Mwalimu mwenzangu Abdulfatah,

Salamu nyingi kama mvua ya jana. Sisi ni wazima. Mke wangu Navalayo anakusalimu na anauliza kama bado unakunywa chai ya watu bila kukaribishwa.

Nina habari, na kwa heshima ya miaka yote tuliyogawana chaki katika shule moja, nakuomba usinicheke. Ukishindwa, cheka huko huko Matungu, barua yako inifikie ikiwa imeshanyamaza.

Unaukumbuka ule mti mzee wa mwiritsa nyuma ya nyumba yangu, pale shamba linapogusana na msitu? Tangu nistaafu, hapo ndipo ninapoweka kiti changu asubuhi. Leo jua lilipogusa gamba la mti baada ya mvua, walitoka. Nondo, Abdulfatah! Usifikirie yale manene yanayojigonga kwenye karabai. Huyu hafiki ukucha wa kidole changu cha mwisho. Ukimtazama haraka ni jivu lililopeperuka tu. Mtazame kwa kioo cha kukuzia sasa: mabawa ya kijivu kilichokolea, na ukingoni mshipi mwembamba wa shaba unaong'aa, kana kwamba Mungu alibakiwa na tone moja la rangi nzuri akasema, haya, na wewe mdogo chukua. Anaruka asubuhi tu, umande ukiwa bado. Na hana mdomo. Nasema hana mdomo! Hali, hanywi. Amekuja duniani kutafuta mke, basi. Nimesimamia shule, nimepokea wakaguzi wa kila namna, lakini kiumbe anayeijua shughuli yake kama huyu sijamwona.

Mti wenyewe uliponea chupuchupu. Mwaka juzi George, kijana wangu wa kwanza, alitaka kuupasua mbao. Nikaona nikimwambia asikate kwa sababu ya nondo, atadhani uzee umenipanda kichwani, na kabla ya jioni soko zima la Lubao lingekuwa na habari. Nikamwambia, "Mti huu ni wa makenga yangu." Basi, yakaisha! Umekaa nasi Wakabras, unajua makenga ni ule moto wa magogo unaowashwa uani mtu akifa, wanaume wakauzunguka mpaka azikwe. Mti ambao mzee amejiwekea kwa moto huo hakuna anayeuthubutu, hata tawi. Ni kama kumpimia mtu kaburi naye bado anapumua. Sasa mbuzi hafungwi hapo na kuni haziokotwi hapo. Mimi na nondo wangu tumestarehe. Sema kweli, umewahi kuona uongo mzuri kama huo?

Ni mimi,
Mathew Shitanda
(Mwalimu Mkuu mstaafu, sasa mchungaji wa nondo)


Matungu,
27 Aprili 1995

Ndugu yangu Shitanda,

Assalamu alaykum. Huku sote ni wazima, alhamdulillahi. Mwambie Navalayo kwamba siku hizi ninakaribishwa chai, tena kwa kupigiwa kelele, maana masikio yamezeeka.

Nimekucheka. Nisamehe. Nilicheka mpaka Asiya akatoka jikoni kuuliza nimepatwa na nini. Mkabras anayemaliza mlima wa obusuma, ugali wenu ule, na ingokho, kuku mzima, peke yake, leo anampenda kiumbe asiye na mdomo! Lakini kicheko kilipoisha niliisoma barua tena, kisha nikamsomea Asiya, naye akasema subhanallah mara tatu. Wewe unajua mimi sasa ni muuza vitambaa. Najua kushona ukingo mzuri kunavyochosha macho, na mteja wangu atauvaa ukingo huo miaka. Huyu wako amepewa mshipi wa shaba kwa asubuhi moja!

Ila una deni la maelezo. Bwana harusi umemsifu, je, bibi harusi? Yuko wapi? Na kabla ya kuwa nondo alikuwa nani?

Jambo la pili si la kucheka. Uongo wako una tobo, Mwalimu. Maadamu unapumua, mti uko salama. Siku ukiitwa je? Kila nafsi itaonja mauti, na Wakuu wa shule hawakusamehewa. Siku hiyo wanao watashika mashoka kwa mapenzi na heshima zote, waukate mti ule, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyewaambia ni wa moto wako. Umefunga mlango kwa kufuli, ufunguo ukampa Izraili. Ufungue mapema, ndugu yangu. Mwambie George ukweli.

Wako,
Abdulfatah Umar


Buyangu,
16 Julai 1995

Abdulfatah,

Umenikera, na kinachonikera zaidi ni kwamba una haki. Acha kwanza nilipe deni.

Kuna binti mmoja, Chepkoech, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja hapa Buyangu kusomea wadudu wa msituni. Yeye ndiye aliyeniachia kile kioo cha kukuzia, na mengi ninayokuambia nimeyajua kwa kukaa naye chini ya mti. Ukilitazama gamba la mwiritsa utaona vijitakataka, kama punje za mpunga zilizopakwa vumbi. Mimi nilikuwa navifuta kwa kiganja niegemee vizuri, Mungu anisamehe. Kila kijitakataka ni nyumba! Ndani mna kiwavi. Ameifuma kwa uzi wake mwenyewe, akaibandika unga wa gamba nje ili ndege apite bila kumwona. Chakula chake ni ule ukoga wa kijani unaoota juu ya gamba. Anapokwenda kula anatoa kichwa na miguu ya mbele, anaikokota nyumba yake nyuma, polepole, bila kulalamika. Akinenepa anaongeza chumba. Hapangi kwa mtu wala hagombani na mwenye nyumba.

Anaishi hivyo mpaka kiangazi. Hapo anaifunga nyumba kwenye mti kwa uzi, anajigeuza ndani kichwa chini, na analala usingizi wa kubadilika. Mvua za kwanza zikigonga, dume anatoka na mabawa yake yenye mshipi wa shaba.

Na bibi harusi? Hana mabawa, Abdulfatah. Hana kabisa! Anatoka mnene, wa kijivu, anashikilia paa la nyumba yake mwenyewe na kukaa hapo. Anatoa harufu ambayo mimi na wewe hatuinusi, ila bwana anainusa. Wanakutana pale pale mlangoni. Kisha anataga mayai ndani ya nyumba ile aliyoifuma tangu utotoni, anayafunika kwa manyoya ya tumbo lake, na anakufa. Chepkoech alipoliona hilo alikaa chini kwenye matope na suruali yake nzuri. Mimi nilijidai nimeingiwa na mdudu jichoni.

Sasa elewa shida yangu. Mama asiye na mabawa atahamia wapi? Binti amepita mwiritsa kwa mwiritsa humu msituni, kila mmoja alioweza kuufikia, hakumpata. Vitabu vyake havina hata jina la nondo huyu. Mti wangu ukianguka, huenda ndio mwisho wake, nasi tutakuwa tumeota moto kwa nyumba zake.

Kwa hiyo nilijaribu. Jumapili nilimwita George tule pamoja. Nikanawa, nikakohoa kile kikohozi changu cha hotuba, nikaanza: "George, ule mti wa makenga..." Hakuniacha nimalize. "Baba, usiwe na wasiwasi kabisa! Nimeshaongea na mtu wa msumeno wa injini. Moto wako utaonekana mpaka Lubao. Hakuna mzee wa lokesheni hii atakuwa amewashiwa moto kama wewe." Macho yake yalikuwa yamelowa. Mtoto huyu hajawahi kuniambia kwamba ananipenda. Sisi hatusemi maneno hayo. Siku hiyo aliyasema kwa njia yake. Nikamwambia asante, mwanangu. Nilikula kidogo tu. Tumbo linanisumbua siku hizi, nadhani ni maharagwe.

Shitanda


Matungu,
3 Septemba 1995

Ndugu yangu,

Assalamu alaykum. Barua yako tumeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Asiya amepata wa kunitolea mfano: kila nikiuliza chakula kiko wapi, ananiambia kuna wanaume wazuri wasiokula.

Lakini mwandiko wako, Shitanda. Ulikuwa ukiandika ubaoni kama mtu anayepiga mstari kwa rula. Sasa herufi zinapanda na kushuka. Maharagwe hayatetemeshi mkono. Nenda hospitali, na usinifiche.

Na mwambie George. Sisi Waislamu mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamlaza kaburini, hatuna moto wala magogo, kwa hiyo sitajifanya mjuzi wa makenga. Ila namjua baba aliyependwa, maana nami ni baba. Unaogopa kumnyang'anya mtoto zawadi anayotaka kukupa. Ni kweli itamuuma. Atakasirika, ataondoka, kisha atarudi kuchungulia ni kitu gani hicho. Ukishindwa peke yako, Ramadhani ikipita nitakuja tumwambie pamoja. Wewe kohoa, mimi nitaanza.

Abdulfatah


Buyangu,
14 Januari 1996

Abdulfatah,

Usije Idi ikipita. Ngoja mvua zianze. Nataka uwaone wakiruka, mimi na wewe na George kwenye gamba moja, na hapo hapo nitasema yote. Kumweleza George bila kumwonyesha ni sawa na kumsimulia mtu ladha ya chumvi. Akishaona, sitahitaji hata kukohoa.

Viwavi wameanza kufunga nyumba zao. Mwaka huu ni wengi ajabu, upande wa mawio gamba limejaa. Kuna mmoja alianza kujifunga, akafungua, akasogea kidogo, akajifunga tena. Nilimwambia, kweli wewe ni Mluhya, lazima kiwanja kikupendeze. Kioo sikitumii sana, mkono unachoka kukishika, kwa hiyo nawaangalia kwa macho matupu. Hivyo wanaonekana vumbi tu, lakini nawajua.

Tumbo ni lile lile. Mwandiko usiujali, kalamu ni mbovu. Mvua za Machi, Mwalimu. Usichelewe.

Shitanda


Matungu,
11 Machi 1996

Kwa mwanangu George Shitanda,

Assalamu alaykum. Kwanza poleni tena, wewe na mama yako. Jina la baba yako nililisikia kwenye redio, katika matangazo ya vifo, nikiwa na mkasi mkononi, na kitambaa cha mteja nikakikata upogo. Kumbe alikuwa akiniandikia kuhusu mvua naye anajua hatazifikia.

Sasa nizungumzie siku niliyokuja. Nilikukuta umesimama chini ya mwiritsa na wazee wenu, na mtu wa msumeno ameshajaza mafuta. Sikujua nianzie wapi, nikasema maneno yaliyokuwa karibu na mdomo: "Marehemu aliwadanganya." Mbele ya ami zako, mwili haujateremshwa kaburini. Mtu angesema hivyo kwenye matanga ya baba yangu, nami ningemshika mkono nimpeleke barabarani kama ulivyonipeleka wewe. Hukunisukuma. Ulinishika kwa adabu hata ukiwa umekasirika, na nilimwona baba yako katika mkono ule.

Nakuomba radhi kwa mahali na kwa wakati. Kwa maneno yenyewe siwezi, kwa kuwa ni kweli. Baba yako hakuuweka mti ule kwa moto wake. Aliuweka kwa ajili ya nondo mdogo anayeishi kwenye gamba lake, ambaye jike lake halina mabawa na haliwezi kuhama. Alisema ni wa makenga ili usikatwe. Alikusudia kukwambia mvua zikianza, akiwa na mimi kando yake. Kifo kilitangulia.

Niliondoka bila kujua mwisho wake. Nakuomba neno moja tu. Mti upo?

Mzee wako,
Abdulfatah Umar


Buyangu,
30 Machi 1996

Mzee Abdulfatah,

Barua yako ilifika. Sikutaka kujibu. Ni Mama amesema barua ya mzee haiachwi kama mgeni amesimama mlangoni. Mimi si mwalimu kama nyinyi, mimi ni fundi wa matrekta, kwa hivyo usitafute mapambo.

Mti uko.

Nimekwambia hiyo kwanza kwa sababu ndiyo uliuliza. Ulipoenda nilimwambia yule jamaa awashe mashine. Ikanguruma. Akaisogeza kwa mti, na hapo ndio niliona kiti ya Baba. Ilikuwa bado pale chini imeangalia mti. Haikuangalia barabara, haikuangalia ng'ombe. Nimepitanga hapo kila siku na sikuwahi kujiuliza mtu anaangalianga mti ya nini. Nikamwambia jamaa, zima.

Tukachoma mikaratusi yangu, ile nilikuwa nimepanda ya kujenga. Unajua moto ya mkaratusi, inalia pa-pa-pa halafu ni majivu. Wazee walikaa kwa baridi. Baba mdogo aliondoka akisema mwalimu mzima amezikwa na moto wa kuchemshia maji. Watu bado wanasema mpaka leo. Hiyo aibu nimeibeba mimi.

Lakini kuna kitu inaniuma na nitakwambia. Baba alikuambia wewe. Wewe ni mtu wa Matungu, mlikuwa mnaonana mara chache kwa mwaka. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Kuku zangu na zake zilikuwanga zinalala pamoja. Mimi akaniambia uongo, na nikaushika kama neno la Biblia. Kwa nini? Alifikiria nitamcheka? Pengine ningecheka. Lakini tungecheka pamoja.

Na huo mti nimeenda kuangalia. Nimeona takataka. Nimebandua moja na kucha, ndani ni uzi na vumbi. Wazee wamesema mwezi wa sita tukifanya kumbukumbu tuwashe makenga ya kweli na huo mti, ndio neno ya Baba itimie. Nimewakubalia. Mvua imechelewa. Kama sitaona kitu mpaka wakati huo nitakata, na safari hii usikuje kuongea.

George Shitanda


Matungu,
10 Aprili 1996

Mwanangu George,

Assalamu alaykum. Shukrani kwa kujibu, na shukrani kwa neno "zima". Nililisoma nikiwa dukani mbele ya wateja na sikuona haya kufuta macho.

Umeuliza kwa nini, nami nakujibu kwa kuwa aliniandikia. Siku moja, Jumapili, alikuita mle pamoja. Alikuwa ameshajiandaa kukwambia. Akataja mti, nawe ukamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba moto wake utaonekana mpaka Lubao na hakuna mzee atakayekuwa amewashiwa kama yeye. Unakumbuka? Aliniandikia kwamba siku ile ndipo alipokusikia ukisema unampenda, na hakuwa na nguvu ya kukurudishia zawadi hiyo. Mimi aliniambia kwa sababu kwangu hakuwa na la kupoteza. Kwako alikuwa na kitu kikubwa, akaogopa kukivunja. Alikosea, George. Nilimwambia anakosea. Lakini kosa lake lilitokana na kukupenda, wala hakukudharau hata siku moja.

Kuhusu mti, nitakueleza kama alivyonieleza. Usiende jioni. Nenda asubuhi mvua ikiwa imenyesha jana yake, kabla umande haujakauka. Tazama upande wa mawio, hapo ndipo wamejaa. Usibandue. Kaa tu, na uwe na kile kioo cha kukuzia cha baba yako. Ile nyumba uliyoibandua huenda ilikuwa tupu, au mwenyewe alikuwa amelala usingizi wa kubadilika nawe hukumtambua. Dume atatoka na mshipi wa shaba. Jike atatoka na kushikilia paa lake. Wote wawili hawana mdomo, hawana haja ya chakula chako.

Nikuambie na jambo la mwisho. Mimi nondo huyo sijawahi kumwona. Yote ninayoyajua ni ya baba yako, na nilimwamini kwa kuwa alipokuwa akimwandika, hata ule mwandiko wake wa mwisho, uliokuwa ukipanda na kushuka, ulinyooka. Ukiona, utakuwa umeona kwa niaba yangu pia.

Mzee wako,
Abdulfatah


Buyangu,
7 Julai 1996

Mzee Abdulfatah,

Salamu sana. Mama anakusalimu, anasema Asiya akupatie chai.

Mvua ilikuja mwisho wa mwezi wa nne. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nakaa kwa ile kiti na kioo, najiambia George wewe ni mjinga, matrekta yanakungoja. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ingine hakuna. Halafu asubuhi moja jua ikagusa gamba, na moja ya zile takataka ikatikisika. Nikafikiria ni macho. Ikatikisika tena, ikatoa kichwa, ikajivuta nje yote, imelowa, mabawa imekunjika kama karatasi ya peremende. Ikakaa hapo ikiyakunjua polepole. Mzee, huo mshipi! Mimi nafanya kazi na vyuma siku yote, shaba naijua. Sikujua kitu ndogo hivyo inaweza kubeba rangi kama hiyo. Halafu akatoka mwingine, na mwingine, mpaka gamba ikawa inatembea. Na yule bibi nilimpata, mnene, ameshika nyumba yake kama mama amesimama kwa mlango anangoja mtu kutoka sokoni. Bwana akaja kwake moja kwa moja. Nani alimwelekeza?

Niliita Mama. Niliita bibi yangu. Nilituma mtu amwite baba mdogo, yule wa moto wa kuchemshia maji. Akakuja na hasira yake yote. Akaangalia na kioo, akaangalia tena. Akaniuliza, "Na hana mdomo?" Nikasema hana. "Na anafanya kazi hivyo?" Nikasema ndiyo. Akakataa kurudisha kioo mpaka jua ilipopanda.

Kumbukumbu tulifanya. Moto tuliwasha na kuni ya kawaida. Nilisimama mbele ya watu nikasema Baba alitudanganya, na nikawaambia ni kwa nini. Watu walicheka, Mzee, lakini walicheka vizuri, vile walikuwanga wanacheka yeye akiwa mwenyewe anaongea. Mama alicheka zaidi ya wote. Wazee walikula ingokho wakashiba, na habari ya kukata mti haikutajwa tena.

Sasa nikwambie kitu imefanya niandike leo. Juzi watoto wametoka kwa yale mayai. Ni wadogo hata kioo inawaona kwa shida. Kila mmoja anatoa uzi, anajiachilia, ananing'inia hewani. Nikiwa hapo upepo ikakuja ikakata nyuzi, ikawabeba. Nikasema basi, wamekwisha, mama yao hana mabawa na sasa watoto wamepotea. Lakini roho ilikataa. Nikafuata vile upepo inaenda. Nikavuka kijito. Karibu na pale Mama anachotanga maji kuna mwiritsa mchanga, unene wake kama paja, umejiotea wenyewe, hakuna mtu aliupanda na hakuna mtu aliuangalia. Nikaweka kioo kwa gamba.

Wako huko, Mzee! Watoto wa juzi wameanza kukusanya vumbi ya nyumba. Na kando yao kuna nyumba za zamani, tupu, zimepauka, za mwaka jana na pengine za mwaka ule mwingine. Wamekuwa wakivuka kitambo. Hawako kwa mti mmoja. Hii Baba hakujua. Hakukuandikia, sivyo? Alikaa na hiyo hofu miaka yote, akatudanganya sisi wote kwa sababu yake, na wao walikuwa wanapita juu ya kichwa chake na uzi.

Nilifurahi mpaka nikakimbia. Nilivuka kijito na viatu, nikaelekea nyumbani nikiita, "Baba! Baba, kuja uone!" Niliita na sauti yote. Mama alisikia akatoka jikoni. Tukaangaliana.

Yeye akarudi ndani. Mimi nilisimama hapo na maji kwa viatu, na hiyo habari bado iko mdomoni, na sikuona mtu mwingine wa kumpa. Nikaona nikuandikie wewe.

Mtoto wako,
George